Buti Nilizozipanua kwa Maharagwe

Mchumba wangu alizikuta buti zile sokoni Thika, kwenye mitumba ya kamera, ile inayochambuliwa mapema kabla rundo halijavurugwa na mikono ya watu wote. Zilikuwa za ngozi ya kahawia, za kutoka Italia, na ndani kabisa jina la aliyezibuni limegongwa kwa herufi za dhahabu. Alizibeba kifuani mpaka nyumbani kwangu Kiuu, huku Ruiru, akazitua juu ya meza. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi kiwandani, Eneo la Viwanda, nina njaa, na pale nilipotarajia sahani palikaa viatu.

"Ona," akasema.

Nikaona. Niliona soli iliyoachama kama mdomo wa mtu aliyesinzia kanisani, zipu isiyo na meno ya kutosha, na ngozi iliyokauka hadi ikaanza kupasuka kwenye mikunjo. Yeye hakuona hayo. Aliona siku ya ruracio, siku ambayo watu wangu wangetoka magharibi kuja kwao na mahari.

"Hizi ndizo nitavaa," akasema. "Na usijifanye hujui ni kwa nini."

Nilijua. Kwao Wakikuyu, siku hiyo bibi harusi hufunikwa leso gubigubi, akachanganywa na wanawake wengine waliofunikwa vivyo hivyo, kisha muoaji anaitwa amtambue wake. Akikosea anatozwa faini. Hilo si kitu. Kinachouma ni kuchekwa mbele ya wazee wa pande mbili, na huko kwetu magharibi kicheko cha namna hiyo husafiri haraka kuliko basi lililokuleta. Mpango wetu basi ulikuwa rahisi: leso hufunika kichwa mpaka vifundo vya miguu, lakini viatu huonekana. Ningetafuta buti.

Lakini niseme kweli, kicheko sicho kilichoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni cucu yake.

Mchumba wangu alilelewa na huyo bibi yake, katika boma lenye kahawa na parachichi nje kidogo ya Thika. Wajomba walikuwa wamenikubali, shangazi yake mkubwa alikuwa amenikubali, hata mbwa alikuwa ameacha kunibwekea. Cucu hakuwa amesema neno nami. Sisemi kwamba alinitukana. Alinipokea, akanipa chai, akaniwekea viazi vitamu, kisha akazungumza nami kupitia mjukuu wake huku nimeketi mbele yake.

"Muulize kama anaongeza chai," angesema.

"Naongeza, cucu," ningejibu.

"Amesema nini?" angemuuliza mjukuu.

Ilikuwa hivyo kila nilipokwenda. Na mchumba wangu alikuwa ameniambia bila kuficha: angeolewa, ndiyo, ila hangeondoka kwa furaha kama cucu angekuwa bado hajaniita kwa jina lolote. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa ruracio ile, bibi huyo aniambie neno moja, mimi mwenyewe, uso kwa uso.

Basi nikaanza na buti, kwa kuwa buti angalau zingeweza kurekebishwa.

Fundi wa viatu ninayemwamini hukaa chini ya mwavuli uliofifia rangi, karibu na stendi ya Ruiru. Ni mtu wa maneno mengi na gundi nyingi. Alizigeuza buti, akazinusa, akanisomea hotuba.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akasema. "Hii soli ilikuwa ya kushonwa tangu ikiwa huko Ulaya."

Tulikubaliana. Alisugua soli, akaipaka gundi, akaishona kwa uzi mzito kuzunguka pande zote, kisha akabandika raba nyembamba chini ili matope meusi ya Ruiru yasile ngozi. Akatoa zipu mbovu akaweka mpya. Visigino akavivalisha vipande vya raba ngumu. Nilisimama pale nikimtolea maoni mpaka akaniambia niende nikale, akili zake zimrudie. Nilipozifuata jioni, buti zilisimama wima zenyewe, na nilijivuna utadhani nimezishona mimi.

Ngozi niliitibu nyumbani. Niliyeyusha kipande cha mshumaa ndani ya yale mafuta ya kukamulia ng'ombe tunayojipaka wakati wa baridi, nikasugua kwa fulana kuukuu, polepole, mikunjo ikapotea mmoja mmoja. Mvua ya mtaani ilipozinyeshea, maji yaliteleza yakaanguka. Nilimpigia mchumba wangu simu kumweleza hilo tu. Alikuwa kazini, akakata.

Tatizo likabaki kubana. Urefu ulimtosha, ila buti ya kushoto ilimminya pale kidole gumba kinapoanzia. Akitembea nayo hatua chache, uso unabadilika. Fundi alisema nimwachie aiweke kwenye kalibu ya mbao iitanue kwa siku kadhaa. Nikakataa. Mama yangu, kule kwetu, alitupanulia viatu vya shule kwa mahindi: unajaza soksi mahindi makavu, unayaloweka kidogo, unaisukuma ndani ya kiatu, nayo yanavimba yakikisukuma kiatu taratibu. Nilikuwa nimeona hayo kwa macho yangu utotoni. Kwa nini nimlipe mtu kwa jambo ambalo mama alifanya kwa mahindi?

Nyumbani sikuwa na mahindi. Nilikuwa na maharagwe.

Nikajaza soksi, nikaloweka, nikasukuma ndani ya buti ya kushoto, nikaenda kazini. Kiwandani tukaambiwa kuna oda ya haraka, zamu zikaunganishwa, nikalala kwa rafiki karibu na kiwanda. Niliporudi Kiuu, chumba kilinuka githeri ya mahindi na maharagwe iliyosahaulika. Maharagwe yalikuwa yamevimba kupita kiasi, na mengine yalikuwa yameanza kuota. Soksi haikutoka mpaka nilipoikata kwa mkasi. Maharagwe si mahindi, hilo sasa nalijua na ninaweza kumfundisha yeyote.

Buti ilikuwa imepanuka, tena vizuri, isipokuwa pale penye kidole gumba ilikuwa na nundu. Nundu ya mviringo kabisa, kana kwamba ndani kumejificha yai. Nilijaribu kuibonyeza, ikarudi. Nikakata sponji ya godoro nikaiweka ndani ili mguu usielee, nikaipaka mafuta, nikaomba Mungu mchumba wangu asione.

Aliona kabla hajaketi.

"Umeifanyia nini?" akauliza.

Nikamweleza. Nilitarajia hasira, na hasira ilikuja kweli, ikafika mlangoni, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni. Akazivaa. Hazikumminya tena hata kidogo. Akasema atazivaa hivyo hivyo na nundu yake, maana sasa hakuna Mkikuyu wala Mluhya atakayezikosea.

Jumapili iliyofuata tukaenda kwa cucu, mchumba wangu amezivaa. Bibi alikuwa ameketi mlangoni na ndala zake za plastiki, soksi nzito ndani yake kwa ajili ya baridi. Nilizijua ndala zile. Hakuwa na kiatu kingine nilichowahi kumwona nacho. Aliinama, akaitazama ile nundu, akaibonyeza kwa kidole.

"Muulize hapa palifanyika nini," akasema.

Mchumba wangu akamweleza habari ya maharagwe kwa Kikikuyu, na sikuhitaji mkalimani kujua kwamba hakupunguza chochote. Cucu akaibonyeza ile nundu mara ya pili. Kisha akainuka akaenda jikoni, asirudi mpaka tulipoaga. Nilijilaumu njia nzima. Mwanamke aliyelea watoto kwa jembe, na mimi nimekwenda kumharibia chakula ndani ya kiatu. Nilijua nimekwisha.

Siku ya ruracio ikafika. Watu wangu walitoka magharibi usiku, wakawasili wamechoka na wamependeza. Mjomba wangu, aliyekuwa msemaji wetu, alivaa suti nzito ya kijivu na kunong'ona kila mara kwamba nisiwaaibishe. Baada ya kula na kuzungumza na kuzungumza tena, mlango wa nyumba ukafunguliwa, na wanawake wakatoka wakiimba, wamefunikwa leso kutoka utosini, wameshikana mabega kwa mstari.

Nikatazama chini. Mtaka cha mvunguni huinama, nami niliinama bila aibu. Raba, viatu vya wazi, ndala, viatu vya kisigino vilivyozama kwenye udongo mwekundu. Na katikati, buti. Kahawia, zinang'aa, na nundu yake.

"Angalia kimo pia," mjomba akaninong'oneza.

Kimo kilikuwa kifupi kidogo, na mwenye buti aliinama mabega. Nikamsifu moyoni. Huyu msichana anajua kuigiza, nilijisemea, amejikunja ili anipoteze. Nikaenda moja kwa moja nikamshika mkono.

"Uko shua ni huyu?" shangazi yake mkubwa akauliza. "Ukishika umeshika, hakuna kurudisha."

"Niko shua kabisa, tata," nikasema, nikimwita shangazi kwa lugha yao.

Akavuta leso. Chini yake kulikuwa na kilemba cheupe, meno machache, na macho ya cucu yakinitazama.

Boma zima lililipuka kwa kicheko. Mjomba wangu alijishika kichwa. Mimi sikusikia kicheko chenyewe. Nilikuwa nimemshika mkono mtu mmoja niliyeogopa kumkosea, mbele ya kila mtu. Nikataka kuuachia. Yeye ndiye aliyeukaza.

"Faini!" shangazi akatangaza. "Mbuzi, tena mnono!"

"Faini ya nini?" cucu akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kahawa. "Huyu hajakosea. Amechagua, na mimi nimekubali."

Kisha akanigeukia. Hakumtazama mtu mwingine wa kumtuma.

"Muthuri wakwa," akaniambia. Mume wangu. Ndivyo cucu wa Kikikuyu anavyomwita mjukuu wake wa kiume anapompenda. "Hii kiatu yako haiumi. Kidole yangu yenye nundu ilikuwa imesahau kiatu. Sasa nishike vizuri, nikupeleke kwa mke mwenzangu."

Tukatembea pamoja mbele ya mstari ule, polepole, yeye na buti zake, mimi na macho yaliyojaa maji mbele ya wazee wa pande mbili, na sikuona haya. Akasimama mbele ya msichana mrefu aliyevaa ndala za plastiki. Akavuta leso yeye mwenyewe. Mchumba wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amesikia kila neno.

"Cucu, hivyo viatu ni vyangu," akasema.

"Vilikuwa," cucu akajibu.

Jioni, wageni wakikunja viti, ndipo mchumba wangu aliponieleza. Si shangazi aliyetunga hila ile. Asubuhi, walipokuwa wakivaa, cucu alikuwa ameketi kitandani akimtazama, akamwomba zile buti. Akamwambia kwamba amenyamaza kwa muda mrefu akiogopa kuachwa peke yake, mpaka sasa hajui aanze vipi kusema na kijana wa watu.

"Nipe hizo," alimwambia. "Najua atazifuata. Wacha aje anishike mkono, halafu mimi nitapata la kusema."