Fundi wa Majina

Orrin Thibodeau alikataliwa na shule yetu ndogo ya bweni ya kanisa la Kiepiskopali, hapa Vermont, Marekani, akiwa na miaka kumi na minne. "Hatuchukui kila mtu," aliambiwa. Baadaye tukamwajiri awe seremala, achonge majina ya wahitimu kwenye mbao za ukumbi wa chakula. Miaka arobaini tulimwita Fundi tu.

Siku ya kustaafu, Mkuu wa shule akajitia ukarimu. "Fundi, chonga na jina lako. Kwani unaitwa nani?"

"Orrin Thibodeau. Limo tayari, kati ya wahitimu wa mwaka 1961."

Mkuu akageukia mbao ukutani. "Thibodeau? Si yule mhitimu aliyepotea, tusiyejua aliko, tunayemwombea kila Pasaka kanisani?"

"Ndiye, Mwalimu. Mimi hukaa kiti cha nyuma, naitikia amina."