Mama Wambui Alikataa Kulazwa

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika wodi ya wanawake, hospitali ya Thika, sista mkuu hakunisalimia. Alinipa mfuko wa mkojo nikaumwage, akasema, "Hapa hatuoni aibu. Wagonjwa wamekuja na yao, inatosha." Nilikaa hapo miaka yote ya tisini na sikuwahi kukaa kitako.

Walikuja wanawake wanaovuja mkojo wakicheka, wakikohoa, wakiinua mzigo. Tiba ilikuwa kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi. Njia ya zamani ilipasua tumbo, ukalazwa siku nyingi na katheta, ule mpira wa kutolea mkojo. Kisha daktari mkuu akaleta njia ndogo: unapasuliwa asubuhi, ukikojoa vizuri jioni unaenda zako. Wagonjwa waliipenda. Mimi ilininyima raha, maana sikujua wanarudi kwa nani.

Mmoja wao, Mama Wambui, aliuza viazi katika soko la Kiuu, kule Ruiru. Alikuwa ameacha hata kukaa viti vya mbele kanisani.

"Sista, nisilazwe," akaniambia. "Nikilazwa, akina mama wa kanisa watakuja na uji, wasimame hapa waulize naumwa nini. Nitawaambia nini?"

Mnajua mila zetu. Mgonjwa haachwi peke yake, na haombewi mpaka ugonjwa utajwe.

Akapasuliwa kwa njia ndogo, jioni akaenda. Mama mkwe wake aliambiwa ametoka sokoni. Sasa kesho yake nani angemzuia kubeba maji? Alibeba mitungi, akabeba na magunia. Mwezi haukuisha akarudi ameloa kuliko mwanzo, nyuzi zimeachia. Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

"Safari hii ni tumbo, na ni kulazwa," daktari akamwambia. Alilia, akakubali.

Jumapili akina mama wakajaa wodini na chupa za uji. Mwenyekiti wao akauliza, "Tukuombee nini, mama?"

Mama Wambui alijiinua kitandani. Kisha akafunua shuka, mfuko ukaonekana. "Mkojo," akasema. "Hunitoka nikicheka. Ni miaka sasa."

Wakaomba kwa sauti ya chini. Walipotoka, mwenyekiti akarudi peke yake, akanishika mkono. "Sista, hiyo kliniki ya mkojo huwa siku gani?"

Nimestaafu, na bado wauguzi vijana huniuliza ipi bora, kulazwa au kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Njia ndogo siipingi, imeboreshwa sana. Lakini kabla hamjamruhusu mama kuondoka, muulizeni nani atamtekea maji. Akinyamaza, mlazeni.