Ukucha wa Mtume wa Saba

Mume wangu alikuwa mtume. Sisemi hivyo kwa majivuno. Mimi ndiye niliyefua soksi zake. Kila Alhamisi Kuu parokia yetu ya Kalemie iliweka viti kumi na viwili mbele ya altare, wanaume kumi na wawili wakaketi na kuvua kiatu cha kulia, Padri akawaosha mguu. Mume wangu alikililia kiti hicho miaka minane. Siku aliyopewa cha saba, baada ya aliyekikalia kuhamia Nyunzu, alirudi nyumbani akiimba, na wiki nzima akawa ananituma maji kwa sauti ya kusoma Injili. Nilimwambia hata mitume walijichotea.

Mwaka uliofuata, ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia ukaanza kugeuka. Kwanza doa la njano penye ncha, dogo kama punje ya mchele. Nikadhani amejikwaa. Doa likatambaa kuelekea ndani, ukucha ukanenepa, ukaanza kumong'onyoka na kuachana na nyama. Harufu yake sitaieleza, maana huenda msomaji anakula.

Alifanya kazi bandarini, karakana ya meli, ndani ya bote za mpira toka asubuhi mpaka jioni, miguu imelowa jasho. Hilo halikumjia akilini hata kidogo. Yeye alijua amerogwa kwa wivu. Jirani yetu, seremala, alikuwa amekitaka kiti kile kile, na eti siku moja aliutazama ule mguu. Nikauliza aliutazama namna gani. Akasema vibaya. Basi tangu hapo jirani hakusalimiwa, na mlango wa jiko langu, aliokuwa ameanza kuutengeneza, ukabaki nusu. Mlango huo uliniuma kuliko ukucha.

Dawa tulizijaribu zote: limau na chumvi, mafuta ya taa, mawese yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Nyumba ikanuka mchuzi usio na samaki, na ukucha ukazidi kunenepa. Nikapiga marufuku mguu ule kitandani. Alilala ameutoa nje ya blanketi kama mtu anayetaka kutoroka.

Kwaresima ya tatu tangu apewe kiti nilichoka, nikamkokota mpaka dispensari. Muuguzi alikuwa mama wa huko Kirungu, asiye na muda wa maneno mengi. Aliutazama ukucha, akaukwangua, akachungulia katikati ya vidole, ambako ngozi ilikuwa nyeupe na inabanduka. Mume wangu akaanza kumweleza habari za seremala.

"Papa, hii haiko bulozi," akamkatiza. "Hii njo ukungu, sawa ule wa mukate. Umeingia mu ukucha, unakula pole pole."

Akaeleza kwamba si kila ukucha mbaya ni ukungu, mwingine umegongwa tu. Ila huu, pamoja na ile ngozi, haumdanganyi. Bote zenye unyevu zinaulisha, lakini lazima umetoka mahali: sakafu ya bafu, kiatu cha mtu, chombo cha kukatia. Kisha akakunja uso. Mwezi ule, alisema, huyu alikuwa mwanaume wa tatu kumletea mguu wa kulia peke yake. Akauliza tunakata kucha na nini.

Hapo nikaukumbuka mkasi wa parokia. Kila Jumatano Kuu, kwenye mazoezi ya kuoshwa, mama wa sakristia alikuwa akitoa mkasi mdogo kutoka kopo la maziwa, na mitume wote kumi na wawili wakapokezana, kila mmoja akikata kucha za mguu wa kulia tu, kwa kuwa ndio wa kuoshwa. Kati ya mtu na mtu mkasi ulifutwa kwenye kitenge cha yule mama. Baadaye, taulo moja ikawakausha wote. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa sakristia.

Muuguzi akampa pomada ya kupaka asubuhi na jioni. Akamwagiza akate ukucha mfupi, aupunguze unene kwa tupa yake mwenyewe, akaushe vidole vizuri, abadili soksi kila siku, na bote azianike juani. Mkasi na taulo asiazime mtu. Na avumilie, maana ukucha ulioharibika haurudi kuwa mzuri. Mpya unaota nyuma yake na kuusukuma, na kwa kidole gumba mwaka unaweza kupita. Mume wangu akauliza kama haiwezekani kufikia Alhamisi. Zilibaki siku tisa. Muuguzi akanitazama mimi kwa huruma.

Njiani aliniapisha ninyamaze. Padri akisikia, kiti kimekwenda. Angefunga kidole kwa plasta na kusema ameumia kazini, kama mwaka uliotangulia. Nikamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema hakuna aliyekufa kwa ukucha.

Jumatano Kuu nilikuwa nafagia ukumbi wa parokia mitume walipoketi kwa mazoezi. Kiti cha nane kilikuwa na mtu mpya: seremala. Suruali imepigwa pasi, mguu umesuguliwa kwa jiwe, kucha safi kama za mtoto. Mkasi ukaanza safari, ukafika kwa mume wangu. Yeye hakukata kitu. Kazi yake ilikuwa kuupitisha tu. Akabaki ameushika. Miaka miwili alikuwa ameomba jirani huyo aadhibiwe, na sasa adhabu yenyewe ilikuwa mkononi mwake. Mama wa sakristia akamhimiza. Mume wangu akasimama.

"Usikate na huu," akamwambia seremala. "Njo umetuharibia."

Akabandua plasta, akaweka mguu juu ya kiti. Mama wa sakristia akakasirika sana, akasema mkasi wake umebarikiwa. Ndipo mtume wa tatu, ambaye naye aliupitisha mkasi bila kukata, akavua kiatu, taratibu, bila kumtazama mtu. Kisha wa tano. Kisha wa kumi na moja. Tulipomaliza kuhesabu, walikuwa saba.

Seremala akautazama ukucha. "Wivu ulikuwako, Papa," akasema. "Lakini haukufika ku kidole."

Padri alipoitwa, mume wangu alimwambia anaacha kiti. Padri akapita kiti kwa kiti, akitazama miguu.

"Kama ni kuosha ile mizuri tu," akasema, "mimi nabaki nyumbani."

Kesho yake kila mtume alikuja na taulo yake, moja ikiwa na maua mekundu ya mke wa mtu. Padri alinawa mikono kati ya mguu na mguu. Alipofika kiti cha saba akamimina maji, akakausha, akainama na kuubusu ule mguu kama alivyobusu mingine. Muuguzi angekuwepo angepiga kelele. Mume wangu akalia mbele ya parokia nzima, na mimi, niliyemcheka miaka miwili, nikalia kumshinda.