Dari Iliyoitika Hodi

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa plasta, na mji mzima unamwita Bilaufa. Akimaliza kazi huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ametega sikio, kama daktari anayepima kifua. Plasta isiposhika hulia kama debe tupu. Ya kwake haijawahi kulia kwa miaka arobaini na miwili, na hajawahi kubomoa alichokijenga. Hilo atakwambia kabla hujamkaribisha kiti.

Nakumbuka mji huu ukiwa wa nyumba za baraza, mbayuwayu wamejenga juu ya kila boriti. Kisha wakaja kina Bilaufa na dari zao laini, ndege wakahama mtaa baada ya mtaa kama wapangaji waliofukuzwa, mpaka likabaki baraza langu. Mwaka huu ilirudi jozi moja tu. Mdogo wangu akaona haya, dada wa fundi kukaa chini ya boriti tupu, akataka kunipigia dari. Nikamwambia angoje makinda waruke. Akaitikia, "Sawa, dada," ile sawa yake ya tangu utotoni, ambayo maana yake ni hapana.

Jumanne nikaenda kupima macho. Narudi, nakuta dari nyeupe kama shuka la hospitali, na fundi juu ya ngazi akingoja sifa. Nikamuuliza habari za kiota. Akadai amekichungulia, kilikuwa kitupu. Alichungulia bila miwani, kumbe, maana eti akivaa kazini inamzeesha.

Mama mbayuwayu alikuwa akipita na kurudi chini ya dari, mdudu mdomoni.

"Na huyu anatafuta nini?"

"Mpita njia tu, dada."

Ili kuyamaliza maneno, akaigonga dari kama kawaida yake. Dari ikaitika. Vilio vinne vikali vya njaa. Makinda walidhani mama yao amefika. Akagonga tena, wakazidisha.

Akasema ni panya. Nikamwambia nina miaka sabini na minne, sijaona panya anayeitika hodi.

Akaitazama kazi yake kama mtu aliyeambiwa ajing'oe jino mwenyewe. Akaomba tungoje hadi kesho, plasta ikauke, aikate vizuri kwa msumeno.

"Kesho watakuwa wamekufa, wewe mtoto," nikasema. "Toboa."

Mtoto mwenyewe ana miaka sitini na minane. Akatoboa. Vipande vikamwangukia kichwani, na midomo minne ya manjano ikafunguka mbele ya pua yake.

Angeshuka hapo, yakaisha. Lakini Bilaufa aache tundu limechanika? Akachukua mwiko, akaanza kulainisha kingo. Mama mtu hakuwa na muda wa kungoja fundi. Akapita juu ya bega lake, akalisha, akaondoka, akarudi. Na kila mwiko ulipotikisika alimvamia sikio. Basi fundi akaganda, mkono hewani, hadi alasiri. Chai nilimpelekea palepale juu, akainywa bila kugeuza shingo.

Makinda walipolala ndipo akamaliza. Akashuka, akalitazama tundu kwa jicho moja.

"Dada, limekaa sawa kuliko dari yenyewe."

Lilikuwa limekaa sawa kweli. Sikumwambia, nilimwonyesha tu pale ndege walipomchafua begani.