Tundu Kwenye Cheti cha Nesi

Mtaa mzima ulimwita Nesi, na hakuwahi kumdunga mtu sindano hata siku moja. Alikuwa msusi. Chumba chake cha kusukia kilikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na ndoo iliyojaa vitana, lakini watu wageni walielekezwa kwake na homa zao. "Ulizia kwa Nesi, pale penye mlango wa kijani." Mgeni anafika kashika tumbo, anakuta mwanamke kabana kichwa cha mtu katikati ya magoti.

"Karibu," Nesi anamwambia. "Dawa sina, ila nikikusuka hilo tumbo utalisahau."

Watu wanacheka, mgeni naye anacheka kwa shida. Hata hivyo Nesi anamuuliza: limeanza lini, umekula nini, umekunywa maji? Mwisho anamwambia aende hospitali, na akimwona amelegea sana anaacha kichwa cha mteja nusu, anampeleka mwenyewe.

Nyuma ya ukuta wa chumba hicho alifanya kazi mdogo wake, dobi, ambaye watu walimwita Mama Pasi. Yeye hakucheka. Kila jina lile lilipoitwa, "Nesi! Nesi!", alibana midomo na kukandamiza pasi kana kwamba ameona kunyanzi ambalo wengine hawalioni. Watu walidhani ndivyo alivyoumbwa, mtu wa maneno machache. Kumbe lile jina lilikuwa linamchoma, na lilimchoma mara thelathini kwa siku.

Utotoni hakuwa hivyo. Utotoni huyu dobi alikuwa anataka kuwa mtangazaji wa redio. Alishika mwiko mbele ya mdomo, akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa na kusoma habari: "Kuku wa jirani ameingia tena jikoni kwetu. Mama amesema leo hatoki. Habari zaidi baada ya chakula." Dada yake, aliyemzidi miaka sita, alitaka unesi, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa huyo huyo mtangazaji, aliyefungwa bendeji za khanga kuukuu mpaka akashindwa kutembea.

Mgonjwa wa pili alikuwa baba yao. Baba alikuwa fundi wa kupiga lipu. Alirudi jioni na saruji mpaka kwenye kope, na vidole vimepasuka. Dada alimwekea maji ya vuguvugu yenye chumvi kwenye beseni, akamwosha kidole kimoja kimoja na kumkemea kama mkubwa: "Nilikwambia uvae glovu, wewe mzee husikii?" Baba ndiye aliyempa jina la Nesi. Kila jioni, kabla hajavua viatu, aliuliza, "Nesi wangu, leo umeponya wangapi? Na wewe redio, kuna habari gani?"

Basi Nesi akamaliza shule, akafaulu, cheti kikaja. Baba hakujua kusoma. Aliomba aonyeshwe mahali lilipoandikwa jina lake yeye, kwa kuwa jina la baba nalo limo. Akaliangalia sana. Kesho yake akakikunja kile cheti mara nne, akakitia mfukoni na kwenda nacho kazini kuwaonyesha mafundi wenzake. Kikarudi na mikunjo na jasho. Usiku ule alikaa nacho mezani, anavuta sigara na kukitazama, mpaka mama akamwambia, "Lala, baba wee, hicho cheti hakiruki."

Chuo cha wauguzi kilimtaka Nesi afike Jumatatu. Jumapili mchana mdogo wake, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa anapiga pasi gauni la safari. Pasi za nyumba nzima zilikuwa zake, na sifa alizipata. Akamaliza gauni, akaona bahasha mezani, akachungulia. Cheti kimekunjamana kama mfuko wa karanga. Akamwonea dada yake huruma. Atakitoaje mbele ya watu namna hii? Akakitandaza mezani, akaweka kitambaa chembamba juu yake, akapitisha pasi taratibu. Ikawa kazi nzuri kweli, mikunjo mitatu ikaisha. Akaondoa kitambaa atazame. Ulibaki mmoja, na pasi ilikuwa imeanza kupoa.

Anayetumia pasi ya mkaa anajua: ukitaka kuipuliza, unaisogeza kwanza mbali na nguo, unaipa nguo mgongo, ndipo unapuliza. Yeye pia alijua. Siku ile alikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu, akapuliza pale pale.

Cheche ikaruka. Ilikuwa moja tu. Ikatua kwenye muhuri, na alipoikung'uta ilikuwa imeshakula muhuri na alama ya sayansi iliyokuwa kando yake. Tundu lenyewe halikuzidi ukucha wa kidole gumba, na ukingo wake ulikuwa mweusi. Akakirudisha cheti kwenye bahasha. Akaifunga. Akaenda kukaa chooni muda mrefu, mama akadhani anaharisha.

Nesi alilikuta lile tundu alipofungua bahasha mbele ya karani wa chuo. Karani akapitisha kidole, kikatokea upande wa pili. "Binti, hapa hakuna muhuri na hakuna alama. Hiki kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Lete kingine." Cheti kingine kilichukua miezi kumi na moja kupatikana. Kilipopatikana nafasi zilikuwa zimejaa, mwaka uliofuata chuo hakikuchukua watu, na Nesi alikuwa ameshaanza kusuka vichwa vya majirani ili asikae bure.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya lilitokea siku ile ile aliporudi kutoka chuoni. Alikiweka cheti mezani. Baba akaliona tundu. Akaliangalia kama alivyoliangalia jina lake. Hakuna aliyemtaja. Mwenyewe akatia mkono mfukoni, akatoa pakiti ya sigara, akaiweka kando ya cheti.

"Ni mimi," alisema. "Juzi usiku. Sikuona, mwanangu. Wallahi sikuona."

Nesi akamtazama. "Wewe si baba," akamwambia. "Wewe ni moto tu."

Nyuma ya mlango alikuwepo yule wa miaka kumi na mmoja, mdomo wazi. Maneno yalimpanda mpaka kwenye meno, yakaishia hapo. Akajiambia kesho nitasema. Kesho yake baba akaitupa pakiti kwenye shimo la taka na hakuvuta tena. Akajiambia basi Jumapili. Jumapili Nesi akamwamkia baba huku anatazama ukuta, na hivyo ndivyo alivyomwamkia kwa mwaka mzima. Beseni la maji ya chumvi likawa la kufulia soksi. Na baba, tangu hapo, karatasi yoyote ikiingia nyumbani, hata iwe tangazo la kampeni, aliinuka akahamia chumba kingine, mikono kaiweka nyuma. Aliishi hivyo miaka kumi na miwili. Wenzake kazini wakimuuliza mbona siku hizi huvuti, alijibu, "Nilimchoma mtoto."

Alikufa bila kuambiwa. Na ile redio ya mwiko pale nyumbani ilizimika zamani, hakuna aliyejua kwa nini.

Sasa binti wa Nesi alikuwa amefaulu. Yeye naye alitaka unesi, na chuo kilimtaka Jumatatu. Ijumaa mchana mama na mwana waliingia kwa Mama Pasi wakicheka, wamebeba sare nyeupe iliyokunjamana na bahasha ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mdogo wangu, tuone ufundi wako," Nesi alisema. "Kola isimame kama askari. Na cheti hiki hapa, nalala nacho kifuani. Safari hii hakuna wa kukitoboa kwa sigara."

Mama Pasi alijitia hamnazo, akachukua sare. Binti akatoa cheti kwenye bahasha. Kilikuwa kimeviringika, kinajikunja kila ukikiachia.

"Mama mdogo, si ukipitishie pasi kidogo? Kinyooke tu."

"Karatasi haipigwi pasi!"

Ilitoka kwa sauti kubwa mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia. Binti akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, mbona unamfokea mtoto?" Nesi aliuliza. "Kwani pasi ina kosa gani? Weka kitambaa juu."

"Niliweka kitambaa, dada."

"Uliweka wapi?"

Mama Pasi aliiweka pasi kwenye kigae chake. Akaificha mikono ndani ya sare ya mtoto. "Kwenye kile cha kwako. Kitambaa niliweka, nikakiondoa nitazame, nikapuliza. Cheche ikaruka. Haikuwa sigara, dada. Baba hakufanya kitu."

Nesi alicheka kwanza. Alidhani ni utani, ingawa mdogo wake hakuwa na utani kwa miaka na miaka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Siku ile namwambia baba yale maneno, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Ukasikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote, dada."

Nesi akakaa juu ya rundo la mashuka ya watu, yaliyokwisha pigwa pasi, na hakuna aliyemwambia ainuke.

"Unesi ningekusamehe," alisema polepole. "Ungeniambia siku ile ningekuchapa, ukalia, yakaisha. Ulikuwa mtoto. Lakini ulikuwa na miaka kumi na miwili ya kumwambia mzee neno moja. Ulikua hapo, ukaolewa hapo. Mimi nilimwita moto, akafa anajua ni moto. Sasa nimwombe nani radhi?"

Mama Pasi alikuwa amedhani akisema atapungukiwa na mzigo. Badala yake aliuona umegawanyika: nusu imebaki kwake, na nusu anamwona dada yake akiinuka nayo, anatoka nayo mlangoni. Binti alichukua bahasha yake na kumfuata mama yake. Sare ikabaki.

Jumamosi nyuma ya ukuta hakukusikika kicheko. Wateja waliita "Nesi!" wakajibiwa "Naam" fupi, basi. Mama Pasi aliifua sare upya ijapokuwa ilikuwa safi, akaianika, akaianua, akaogopa kuipiga pasi. Jumapili alikwenda mara mbili mpaka kwenye mlango wa kijani, mara zote mbili akarudi.

Jumatatu asubuhi na mapema Nesi aliingia bila kubisha hodi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Gari la mtoto ni saa mbili," alisema. "Piga."

Umeme ulikuwa umekatika. Mama Pasi akaitoa pasi ya mkaa, akaiwasha. Ilipokuwa tayari kupulizwa alielekea nje nayo, kama anavyofanya siku zote. Watu walizoea kumcheka, kwamba dobi gani anayeitembeza pasi kama mtoto mchanga. Nesi akamzuia mlangoni, akaichukua pasi mkononi mwake.

Akatoka nayo mwenyewe. Akakipa mgongo chumba, sare na mdogo wake, akapuliza. Alipuliza muda mrefu kuliko pasi inavyohitaji. Aliporudi mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Moshi," alisema.

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Sijafika huko."

Alisimama kando ya meza na kutazama kila mkono wa sare ukinyooka. Walipofika kwenye kola akasema, macho yakiwa kwenye pasi:

"Nikishampandisha mtoto gari, nitakuja kukuchukua. Tunakwenda kaburini kwa baba. Mimi nina yangu ya kumwambia, lakini wewe utaanza. Na usininong'onee pale. Si ndiwe uliyetaka kuwa mtangazaji? Basi utatangaza."

Akaichukua sare, bado ina joto, akaibeba mikononi kama mtu anayeogopa kuamsha kitu, akatoka.

Mama Pasi alibaki na mashuka ya watu. Alivuta moja, akalitandaza, akaanza. Mteja wa kwanza alipoingia alimkuta midomo inachezacheza bila sauti, anaanza, anakwama, anaanza tena.

"Unaongea na nani, Mama Pasi?"

"Subiri," alimjibu. "Bado sijapata pa kuanzia."