Njia Iliyofumuliwa Pindo

Mama Pindo hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, kwa kuwa ukipita mlangoni kwake upindo wa nguo yako umefumuka, atakuvuta ndani kabla hujamaliza kusalimia. Na nguo aliyoshona yeye haikukosa pindo nene. "Mtu hubadilika," husema. "Usipoacha akiba, utakuja kufumua nini?"

Basi Jumanne moja wifi yake alimpigia simu kutoka hospitali.

"Wifi, Jumamosi tunamleta. Ila kaka yangu kashasema hataki kubebwa. Kutoka getini hadi mlangoni ni kwa miguu yake."

"Fimbo anayo?"

"Anayo. Na ukaidi anao vilevile."

Mama Pindo akautazama uwanja. Getini tope, katikati shimo, mlangoni utelezi mtupu. Mumewe alikuwa amepeleka barua kwa miguu maisha yake yote, mrefu, hatua ndefu, hata mtaa mzima ukamwita Twiga. Miezi miwili iliyopita alilala na miguu miwili akaamka na mmoja. Wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Akianguka sasa, nyumbani kwake, majirani wakitazama, hatajaribu tena. Hilo mkewe alilijua kama anavyoijua cherehani yake.

Tangu hapo hakukalika. Alishona mshono mmoja, akainuka. Akashona wa pili, akatoka nje na jembe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta ulioanguka zamani, umeacha mawe bapa. Akapigilia vijiti viwili, akavuta uzi wa kushonea kutoka getini hadi mlangoni. Kwa kila jiwe alichimba kishimo, akamwaga mchanga, akalaza jiwe, kisha akaweka juu yake sahani ya maji. Maji yakiegemea upande, jiwe linang'olewa.

Alhamisi alikuwa amelaza mawe kumi na manne, akayang'oa yote kwa sababu njia ilipinda kidogo. Ijumaa akayarudisha. Mengine akayasimamisha chini ya dirisha, kuzunguka tuta la maua.

Fundi mwashi wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ua. "Mama Pindo, unajenga au unabomoa?"

"Nashona."

"Sasa hayo ya kwenye maua si ungeyatia njiani?"

"Hayo ndiyo pindo lake, baba. Nguo haitoki bila pindo!"

"Haya. Umbali wa mawe umepimaje?"

Akamcheka. Kile kitabu chake cha vipimo, ukurasa wa kwanza kabisa ni wa mumewe, umeandikwa kwa kalamu ya wino tangu uchumba: kiuno, bega, mguu. Hata hatua aliwahi kumpima, kwa utani: inchi thelathini. Huyo apimwe tena? Anamjua kwa moyo.

Jumamosi gari likasimama. Wifi akamshika kaka yake kiwiko, yeye akakichomoa. Twiga akakanyaga jiwe la kwanza, akatulia. Mama Pindo alikuwa mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, vidole vinauviringisha na kuuviringua. Mzee akanyoosha mguu kulitafuta jiwe la pili. Haukufika. Akatanguliza fimbo, fimbo ikazama topeni, akayumba, wifi akamdaka.

Mzee alitazama ile njia nzuri iliyonyooka, akamtazama mkewe.

"Mke wangu, hii umemshonea nani?"

"Wewe."

"Mimi wa mwaka gani?"

Mama Pindo aliona uso unamwaka. Miaka thelathini hajamkatia mtu kitambaa bila kumpima, na leo amekata kwa mazoea! Akaja mbio, akapiga magoti topeni miguuni pa mumewe.

"Piga hatua. Ndogo, ya kweli. Usinidanganye."

Akapiga. Utepe ukasema inchi kumi na tano.

"Wifi, mletee kiti. Hapo hapo getini."

"Tumbebe tu, wifi, jua kali."

"Habebwi mtu hapa!" Walisema wote wawili, mume na mke, kwa sauti moja, na fundi mwashi akacheka kule uani.

Nusu ya hatua maana yake mawe maradufu. Mama Pindo akazunguka, akasimama, akazunguka tena, jicho likatua kwenye tuta la maua. Akachutama, akaanza kuyang'oa yale mawe ya ukingoni, moja baada ya jingine.

"Leo unafumua pindo?" fundi mwashi akauliza, huku anaruka ua aje kumsaidia.

"Kwani liliachwa la nini? Leta mchanga!"

Mzee alingoja kitini saa nzima, anasahihisha mstari kwa ncha ya fimbo. Kisha akainuka. Jiwe, fimbo, jiwe. Wifi alitembea kando mikono mgongoni, ameikunja isimponyoke ikamshika. Pale katikati palipokuwa na shimo mzee alipumzika. Akaendelea hadi kizingitini, akakigonga kwa fimbo mara mbili, kama alivyokuwa akigonga milango ya watu.

"Barua," akasema.

Jioni Mama Pindo alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika kumi na tano chini ya thelathini. Kwa penseli.

"Kaa chini basi, mama," mumewe akamwambia.

Akakaa. Mara akainuka, sahani ya maji mkononi. Jiwe la tisa lilikuwa linacheza.