Anayejua mvinyo wa tambi yuko kwenye sinki

Saa saba mchana, mabakuli yanarudi jikoni kwa fujo. Mama Bilauri, kama wenzake wanavyomwita, haanzi kwa kuosha. Anatazama. Bakuli la tambi za pilipili limelambwa likang'aa, lakini bilauri ya mvinyo mwekundu iliyokwenda nalo imerudi karibu nzima.

"Umeona?" anasema, mikono imezama kwenye povu. "Mwekundu mkali na pilipili ni moto na mafuta ya taa. Huyu angepewa mweupe wenye utamu kidogo, angemaliza na kuongeza."

Mama huyu wa mabinti wawili ameosha vyombo miaka tisa katika mgahawa huu wa vyakula vya Kikorea. Mvinyo hajawahi kuuonja. Anaujua kwa mabaki. Mabakuli mia mbili kwa siku yamemfundisha kwamba tambi baridi, zile za mchuzi wenye barafu, hupatana na mweupe mkavu, usio na utamu, wenye mapovu. Za mchuzi mweusi wa maharage hutaka mwekundu mwepesi.

Elimu hiyo alimgawia mhudumu mmoja aliyechoka kugombezwa na wateja. Leo mhudumu huyo anavaa tai na kuitwa mshauri wa mvinyo.

"Dada, nisamehe," anasema mhudumu, akitua rundo jingine. "Nikisema ni wewe, bosi ataniuliza mimi nalipwa kwa lipi."

"Basi utanisemea mazishini kwangu."

"Usiniapize, dada!"

"Nikuapize kwa mdomo gani? Nenda, meza ya nne inakuita."

Jumamosi mgahawa unafungiwa mashine ya kuoshea vyombo, na kazi yake ya sinki itakwisha. Mama Bilauri alimwendea mwenye mgahawa, akaomba ahamishiwe kwenye mvinyo. Akajibiwa, "Mama, mvinyo unataka pua na ulimi, si sabuni."

Amebisha hodi migahawa mitatu. Miwili ina mashine tayari. Wa tatu mlinzi alimtazama kucha, zilizoliwa na maji na dawa, akamwambia nafasi zimejaa.

Nyumbani hajasema. "Mkubwa yumo kwenye mitihani. Nimpe habari hii aandike nini?"

Kesho, Alhamisi, mgahawa unaanza kuuza tambi mpya, nene, za kukatwa kwa kisu, katika mchuzi wa kome. Hakuna aliyewahi kuzila pale, kwa hiyo hakuna mabaki, na mshauri hajui azipeleke na mvinyo gani. Ameshamuuliza Mama Bilauri mara mbili.

Mama Bilauri ana siku mbili za kutazama bilauri zinavyorudi, na ameshaweka nia.

"Safari hii sisemi na mhudumu. Atakayetaka jibu aje bosi mwenyewe, asimame hapa, aniulize mimi."

Na asipokuja?

Anasuuza bilauri, anaipindua, anaiacha ichuruzike maji.

"Basi nitakuwa nimenyamaza bure, kama nilivyosema bure."